Mega ya Kwanza ni ya Apdeti

Birere, mjini Goma, saa tano asubuhi. Kama hujawahi kufika, chora picha: barabara inayobanana kuelekea mpaka wa Petite Barrière, chukudu zimebeba viazi hadi mbao zinalia, moto zinapiga honi bila kupumua, na kando kabisa fundi wa simu ameketi nyuma ya kimeza cha kioo. Juu ya hicho kioo kuna betri zilizovimba, skrini zilizopasuka, bisibisi nyembamba kama sindano na kichupa cha spiriti. Mimi nimekuja kubadilishiwa tundu la chaja. Mbele yangu kuna mathee anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kitenge chake bado kinanuka ziwa, ameshika simu iliyofungwa raba ili kifuniko kisidondoke.

"Fundi, hii simu inakatala. Jana ilikuwa natumika muzuri."

Fundi anaipokea, anasoma. Maandishi ni ya Kifaransa: toleo hili limekwisha muda, fanya mise à jour, yaani apdeti.

"Mama, uko na mega?"

"Niko nazo kidogo tu. Za kuongea na mutoto yangu, iko Bukavu."

Fundi ananyamaza kidogo, kisha anafanya ile mbinu inayojulikana na kila msee wa simu mtaani. Anaingia kwenye tarehe na saa, anazima pale simu inapojiseti yenyewe, anairudisha nyuma miezi minne. Anafungua apu. Inafunguka. Mathee anafurahi, analipa, anasema aksanti, anaishia zake sokoni.

Mimi sikufungua mdomo. Hilo limenikaa rohoni wiki nzima, na ndiyo sababu naandika.

Apu ya yule mathee haikupona pale Birere. Ilikuwa imefunga mlango kwa sababu kufuli lake limechakaa, na fundi badala ya kuleta kufuli jipya aliidanganya saa, mlango ukafunguka na kufuli bovu likabaki palepale. Na tarehe ya uongo ina bili yake. Kila tovuti salama inakuja na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu inayoishi miezi minne nyuma ikikutana na cheti kilichotolewa wiki jana, inakiona ni cha siku ambazo hazijafika, inakikataa. Kesho yake mathee atafungua ukurasa wa kawaida tu, utagoma. Picha atakazopiga zitabeba tarehe ya uongo. Atarudi kwa fundi, atalipa tena, na bado hatajua shida ilianzia wapi.

Mimi ni mtoto wa Katindo, hapa hapa Goma. Nilikaa Nairobi miaka minne, mtaa wa Kayole, nikarudi na Sheng mdomoni na tabia moja niliyoiokota kwa beshte wa kule: kila Ijumaa kabla ya kutoka keja, anacheki apdeti, vile mtu anavyocheki kama amefunga gesi. Wakati ule niliona ni mambo ya watu wenye wifi. Nilivyorudi Goma ndipo nikashika kwamba sisi ndio tunaihitaji zaidi, na sisi ndio tumewekewa mbali zaidi.

Cheki vile Play Store imepangwa. Ukiiacha ilivyo, apu zinajiapdeti zenyewe mambo matatu yakikutana: simu iko kwenye wifi isiyohesabu mega, iko kwenye chaja, na hakuna anayeigusa. Msee wa Brussels anapata hayo matatu kila usiku akilala. Sasa weka Goma hapo. Wifi ya nyumbani ni ya wachache. Umeme ukikatika, simu inapelekwa kwa mtu mwenye sola au jenereta, inachajiwa na zingine thelathini kwenye ubao mmoja, na mwenyewe ameizima ili mtu asiichokonoe. Ikitoka hapo inaingia kazini: kubonga, kutuma picha ya bidhaa, kuuliza bei ya dola, kuuliza kama barabara ya Sake inapitika. Mambo yale matatu yanaweza kukaa miezi bila kukutana. Mtu anamaliza mwaka mzima akiamini simu yake inajitunza, kumbe hakuna kitu kimeshuka.

Kuna jambo lingine hapo. Desemba 2016 Google walitangaza njia mpya ya kuleta apdeti: badala ya kushusha apu nzima, inashuka ile sehemu iliyobadilika tu. Walisema kwa wastani mzigo unapungua kwa asilimia 65. Habari tamu kwa mtu anayenunua mega kwa kipimo, si ndiyo? Lakini mwanzoni njia hiyo iliwekwa kwa apdeti za kujiendesha pekee, zile zinazofanyika simu ikiwa imelala kwenye chaja na wifi. Mwenye wifi ya bure alibebewa mzigo mwepesi, na aliyebonyeza kwa mkono wake, kwa mega zake mwenyewe, alibeba mzito zaidi. Simlaumu mtu kwa ubaya wa moyo. Nasema tu waliokaa kupanga hawakuwa na simu ya mtaa wetu wa Ndosho mbele yao.

Sasa, apdeti inabeba nini hasa? Wasee wengi wanadhani ni emoji mpya na rangi ya vitufe. Hizo zipo. Lakini kitu kikubwa hakionekani: ni viraka. Apu imeandikwa na watu, na watu wanakosea, na kosa dogo kwenye maandishi hayo ni tundu ambalo mwenye ujuzi anaweza kupitisha mkono.

Mei 2019 ulimwengu mzima uliona tundu la namna hiyo. WhatsApp walitangaza kwamba sehemu yao ya kupiga simu ilikuwa na kosa, na baadaye wakaitaja kampuni ya Israeli iitwayo NSO Group kuwa ndiyo iliyolitumia kupandikiza Pegasus, programu ya kijasusi, ndani ya simu za watu. Ilitosha upigiwe. Hata usipopokea, kazi imeisha. Waliolengwa walikuwa takriban 1,400, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki. Dawa yake ilikuwa apdeti, na WhatsApp wakawasihi watumiaji wao wote, wakati huo bilioni 1.5, waishushe. Kesi waliyoifungua Oktoba mwaka huohuo ilifika Desemba 2024 ambapo jaji wa Marekani alisema NSO inawajibika.

Najua utaniambia Pegasus ni silaha ya bei mbaya, haiwezi kutumwa kwa muuza sambaza. Ni kweli. Lakini mji huu ndio ulioizaa LUCHA, harakati ya vijana wanaodai haki, mwaka 2012. Kuna waandishi hapa, kuna wasanii, kuna madaktari, kuna vijana wanaoandika majina ya waliopotea. Wote wako kwenye makundi, na ndani ya makundi hayo uko wewe, na shangazi yako, na yule msee wa shule ya sekondari ambaye hajaapdeti tangu anunue simu. WhatsApp inafunga ujumbe kwa siri kuanzia unapotoka hadi unapofika, tangu 2016, lakini ukishafika uko wazi kwenye skrini ya aliyeupokea. Watu mia wakiwa makini na mmoja akawa na simu yenye tundu, maongezi ya wote mia na mmoja yamevuja.

Halafu wizi wa kawaida, ule wa mtaani, hauhitaji silaha ya bei. Unahitaji watu waliochelewa. Kiraka kikitoka, mtengenezaji amekiri hadharani tundu lilikuwa wapi. Wezi nao wanasoma. Wanalinganisha toleo jipya na la zamani, wanaona kilichozibwa, wanaanza kuwatafuta ambao hawajaziba. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta za Windows mwaka 2017: Microsoft walitoa kiraka Machi, na tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikawapitia waliokuwa bado hawajakiweka, katika nchi takriban 150, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Miezi miwili tu. Simu ya yule mathee ilirudishwa nyuma minne.

Na simu ya Goma siku hizi imebeba nini? Imebeba kila kitu. Usiku wa 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipofunguka na anga ikawa nyekundu, simu ndiyo ilituambia nani amekimbilia Sake, nani amevuka Gisenyi, mtoto wa nani ameonekana wapi. Na tangu mwisho wa Januari 2025, mabenki ya hapa yalipofunga milango, doh ya mji mzima ilihamia ndani ya simu. Mshahara unaingia kwa simu. Karo inalipwa kwa simu. Mzee anayetumiwa dola hamsini na mwanawe aliye Kinshasa anazipokea kwa simu, kisha anatafuta wakala wa kumpa kashi, na wakala anakata chake. Ukweli usemwe, ile menyu ya nyota na reli ya kutuma pesa haidai apdeti, maana kazi yake inafanyika kwenye mtandao wa kampuni. Lakini ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu yako, na namba ya siri unaiandika kwenye skrini yako. Simu ikiwa na mdudu, mdudu anasoma na wewe.

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo mtaa unaumia.

Mtoto wa mama mkubwa, anaishi Majengo, mwaka juzi alianza kulalamika kwamba unité zake, salio la simu, zinayeyuka. Anaweka jioni, asubuhi hamna. Anaweka tena, hamna. Tulilaumu laini. Tulilaumu hata kaka yake mdogo, na mtoto wa watu akalia mbele yetu bila kosa. Siku moja jioni tukakaa mimi naye kwenye ngazi ya nyumba yao, mwanga wa taa ya sola, tukaanza kupitia simu apu moja moja. Tukafika kwenye apu ya kuchati. Haikuwa ile yenyewe. Ilikuwa toleo la pembeni, lile linaloficha kwamba umesoma ujumbe, linalokuonyesha status iliyofutwa, linaloshika namba mbili. Alirushiwa na beshte wake kwa apu ya Xender ndani ya auditwari, bila kutumia hata mega moja. Tukafungua ruhusa zake: ilikuwa na ruhusa ya kusoma na kutuma SMS. Apu ya kuchati inatuma SMS za nini?

Tukaifuta. Alipoteza maongezi ya miezi mingi, yakiwemo ya marehemu bibi yetu, sauti zake za mwisho. Unité zikaacha kuyeyuka wiki hiyohiyo. Kwa sauti za bibi mpaka leo hana amani.

Na si yeye peke yake duniani. Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walitangaza kwamba toleo mojawapo la FMWhatsApp lilikuwa limebeba mdudu anayeitwa Triada, anayeweza kumsajili mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua na kusoma SMS zake. Oktoba 2022 wakasema tena, safari hii YoWhatsApp, iliyokuwa inaiba funguo za akaunti. Matoleo haya ya pembeni hayapo Play Store. Hayapokei kiraka kutoka kwa wenye apu. Yanapita mkono kwa mkono, kampasini, sokoni, kwenye mashua ya Bukavu, na kila mkono unaamini mkono uliotangulia.

Nawaelewa wanaorushiana. Mega ni pesa, na kumrushia beshte apu ni upendo, hivyo ndivyo tulivyolelewa: ukiwa na kitu, unagawa. Sisemi tuache kugawana. Nasema tujue tunachogawana. Android ina muhuri. Kila apu inagongwa muhuri na aliyeitengeneza, na simu inaukumbuka. Toleo jipya likija na muhuri uleule, linapokelewa na mambo yako yote yanabaki. Likija na muhuri wa mtu mwingine, simu inalikataa. Basi ukirushiwa "toleo jipya" na ukaambiwa futa kwanza la zamani ndipo hili liingie, simama hapohapo. Mara nyingi muhuri umebadilika, na anayekuambia ufute anakuambia umtoe mlinzi getini. Play Store yenyewe ina sehemu ya kupeana apu kwa walio karibu bila kutumia mega, iliyowekwa 2021, ndani ya ule ukurasa wa Gérer les applis et l'appareil. Ikiwa bado ipo kwenye simu zenu, mnawasha Bluetooth, mmoja anatuma, mwingine anapokea, na Play inaikagua apu kabla ya kuiweka. Upendo uleule, ila mlinzi yuko getini.

Kuna watu wanaikwepa apdeti kwa sababu nyingine kabisa: wanasema inaua simu. Nimesikia hiyo hadi kwa wazee. "Mise à jour iliua simu yangu, haikuwaka muzuri tena." Sitawacheka, maana hofu hiyo ina mizizi. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba apdeti zao za mfumo zilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na Februari 2020 Ufaransa ikawapiga faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Kwa hiyo msee akihofia, ana haki ya kuhofia. Lakini tutenganishe. Apdeti ya mfumo mzima wa simu ni kama kubadilisha injini. Isome kwanza, hakikisha kuna nafasi na chaji ya kutosha, uliza aliye na simu kama yako. Apdeti ya apu moja ni kama kubadilisha tairi lililokwisha. Usiendeshe moto kwa tairi lililokwisha kushuka mteremko wa lava kwa sababu injini ya jirani iliwahi kufa.

Shida ya kweli kwa simu zetu ni nafasi. Simu ya gigabaiti 16, nusu imekaliwa na mfumo wenyewe, nusu ya nusu na video za status za watu ambao huwajui. Apdeti inagoma, mtu anadhani apu ndiyo mbovu. Futa. Futa bila huruma ile michezo uliyoicheza mara mbili, ile apu ya kupamba picha, ile iliyokuja na simu na hujawahi kuifungua, au kama haifutiki, izime. Apu isiyotumika inakula nafasi na bado ina matundu yake.

Mbogi yetu ya Katindo tunafanya hivi, na nawaachia muige. Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, tunachanga. Mmoja ananunua forfait nono kwa laini inayoshika vizuri siku hiyo (wengine wana laini ya ng'ambo ya mpaka, maana signal ya Gisenyi haijui barrière), anawasha hotspoti, tunakaa uani kwao. Kabla mtu hajashika hotspoti anazima kwanza ile ya kujiapdeti, kwa sababu simu inaweza kuona hotspoti ikadhani ni wifi ya bure, na apu ishirini zikaanza kunyonya kwa pamoja hadi mchango wa watu wanane unaisha kwa simu moja. Tulijifunza kwa maumivu. Kisha kila mtu anafungua Play Store, anagusa picha yake juu, anaingia kwenye orodha ya apu zinazongoja. Kila moja imeandikiwa uzito wake. Unasoma uzito vile unavyosoma mizani ya unga.

Mega za kwanza ziende kwa apu inayoshika pesa. Zinazofuata ziende kwa apu inayoshika maneno yako. Kisha kivinjari, Chrome kwa wengi wetu, pamoja na kitu kinachoitwa Android System WebView ambacho watu wanakiruka kwa sababu hakina picha kwenye skrini. Hicho ndicho kinachofungua kurasa za mtandao ndani ya apu zingine, kwa hiyo tundu lake ni tundu la apu nyingi kwa wakati mmoja. Mega zikiisha hapo, umefanya kazi. Michezo na mapambo yangoje mwezi ujao. Anayetumia Facebook ahamie ile Lite, iliyotengenezwa mwaka 2015 kwa ajili ya mitandao dhaifu. Ni nyepesi na apdeti zake nyepesi.

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alikuja kukaa nasi pale uani na simu yake, akatuuliza kama naye anaweza. Tulimwekea kiti. Apdeti yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu nyuma. Ilichukua dakika kumi na mbili, na muda wote huo alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama anapokea kitu kanisani.

Kuna simu ambazo hata tuchange vipi hazitapona. Oktoba 2023 WhatsApp ilifunga mlango kwa Android zilizo chini ya 5.0. Zilizobaki nazo zitafikiwa, moja baada ya nyingine, maana mtengenezaji wa simu akiacha kuleta mfumo mpya, apu zinamfuata polepole. Hapo nina hasira, na nitaisema. Ndani ya simu nyingi kuna vipande vidogo vya tantali, na tantali inatoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi, mahali panapotoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Vijana wa rika langu wanaingia ardhini kwa jembe na tochi. Mawe yao yanapita hapa Goma yakienda, na yanarudi kama simu. Simu inayouzwa Ulaya tangu 20 Juni 2025 inalindwa na sheria: mtengenezaji lazima ailetee apdeti za mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuiuza. Google waliahidi miaka saba kwa Pixel 8, Samsung miaka saba kwa Galaxy S24. Simu ya bei rahisi inayojaa maduka ya Birere haina ahadi ya namna hiyo kwenye boksi lake. Anayeishi juu ya madini ndiye anayeuziwa simu inayosahauliwa mapema kuliko zote. Wanaoingiza simu hapa waanze kuuliza swali hilo kwa wanaowauzia: hii itapata apdeti hadi mwaka gani? Na wewe mnunuzi uliza vilevile, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi. Kabla ya kutoa doh, ingia kwenye mipangilio, tazama toleo la Android na tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka mitatu iliyopita, bei ishuke au uondoke.

Yule mathee nilimpata. Nilienda soko la Kituku alfajiri, wakati sambaza zinashushwa, nikauliza hadi nikaonyeshwa. Alinikumbuka kwa tundu la chaja. Nikamwomba simu, akanitazama kwanza, nami nikamweleza taratibu, mama, hii saa yako ilirudishwa nyuma, njo maana kurasa zinakatala. Nikawasha hotspoti yangu, nikarudisha tarehe ya kweli, nikashusha apdeti moja tu, ile ya kuongea na mtoto wake. Mega zilizotumika hazikufika bei ya kikombe cha sambaza zake. Alinipa vikombe viwili na akakataa malipo.

Basi neno langu ni kwa mafundi wa Birere, kaka zangu, ambao mji mzima unawapa simu zao bila kuuliza. Mtu akikuletea simu inayodai mise à jour, usiguse tarehe. Washa hotspoti yako dakika kumi, mwekee ile apu moja, kisha umdai pesa ya mega na ya kazi yako. Atalipa. Yule mathee siku ile alilipa bila kubishana, na hakupewa apdeti.